Watu wa Kutupwa: Somo Kutoka Katika Hadithi za Sayansi

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma masomo ya kilimo, ya historia na ya tabia njema. Mimi nimeombwa kuandika juu ya vitabu, nami nimechagua aina ya vitabu ambayo wengi huidharau, yaani hadithi za sayansi. Hizi ni hadithi za mambo ambayo bado hayajakuwako: vyombo vya kwenda kwenye nyota za mbali, mashine zenye akili, na miji ya miaka elfu ijayo. Wako wasemao kwamba ni michezo ya watoto. Nataka kuonyesha ya kuwa baadhi ya hadithi hizo zaeleza jambo tunalolijua sana sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, nalo ni jinsi jamii inavyowafanya watu fulani kuwa watu wa kutupwa.

Nisemapo "watu wa kutupwa" sina maana ya maskini tu, wala ya watu wanaochukiwa tu. Maskini aweza kuwa na heshima yake, na adui aweza kuogopwa. Mtu wa kutupwa ni yule ambaye wenziwe wamekubaliana, kwa kusema au kwa kunyamaza, kwamba akitoweka hakuna atakayedai hesabu yake. Yeye ni kama ganda la mua. Utamu ukiisha, ganda hutupwa njiani, na hakuna ageukaye kulitazama.

MTUMBWI WA WATU KUMI

Muhula uliopita chama chetu cha kusoma kilifanya mjadala. Kiongozi wetu alitoa fumbo hili: Mtumbwi umetoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, na ndani yake mna watu kumi. Upepo wa kusi umevuma, mawimbi yamekuwa makubwa, maji yanaingia. Mtumbwi hauwezi kubeba zaidi ya watu saba. Je, ni nani watupwe majini?

Nasikitika kusema kwamba tulianza kujibu papo hapo. Mmoja alisema atupwe mzee, kwa sababu amekwisha kula siku zake. Wa pili alisema mgonjwa. Wa tatu alisema mwendawazimu, maana hana faida kwa mtu. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema kwamba wa kwanza kutoka awe mgeni asiyejulikana, kwa kuwa hana ndugu wa kumlilia humo mtumbwini. Nikapigiwa makofi.

Ndipo aliposimama mvulana mmoja wa darasa lililo chini yetu, mtoto wa mvuvi. Akasema, "Kaka zangu, mmesahau kuuliza mtumbwi umebeba nini. Kwetu, ziwa likichafuka, tunatupa ndagala. Wakiisha, tunatupa nyavu. Ikizidi, tunatupa na taa. Watu wote wanachota maji kwa ndoo na kwa sufuria. Mimi sijamsikia baba yangu akiuliza ni nani atupwe."

Watu walicheka, wakasema kwamba mtoto huyu ameharibu fumbo. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Niliona kwamba hakuliharibu fumbo, bali alilifumbua. Sisi sote tuliupokea mtumbwi kama tulivyopewa, tukakimbilia kuchagua watu. Yeye peke yake alitazama mzigo.

Tangu siku ile nimezirudia hadithi kadhaa nilizokuwa nimezisoma kwa kujifurahisha. Nimeona kwamba jamii haimtupi mtu kwa siku moja. Inakwenda hatua kwa hatua, na hatua zenyewe ni tatu. Nitazieleza moja moja, kwanza kitabuni, kisha hapa kwetu.

HATUA YA KWANZA: KUMBADILISHA MTU JINA

Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R. Katika mchezo huo kiwanda kinatengeneza viumbe wanaofanana na watu, ili wafanye kazi zote pasipo mshahara wala mapumziko. Viumbe hao waliitwa roboti, na neno hilo, ambalo leo limeenea duniani kote, lilianzia katika mchezo huo. Asili yake ni neno la Kicheki robota, lenye maana ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa ambayo mkulima wa zamani aliifanya katika shamba la bwana wake. Basi angalieni nguvu ya jina. Kiumbe akiisha kuitwa roboti, hakuna aulizaye kama amechoka. Mwisho wa mchezo roboti wanaasi, na wanadamu wanaangamia, akasalia mmoja tu.

Mfano wa pili ni kitabu cha Kazuo Ishiguro, mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa Japani, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kitabu chake Never Let Me Go kilitoka mwaka 2005. Ndani yake twawaona watoto wanaolelewa katika shule ya bweni, yenye viwanja vya michezo na masomo ya kuchora. Nilipoanza kukisoma nilidhani nasoma habari za shule kama yetu. Baadaye ndipo tunapofahamu ya kwamba watoto hao wametengenezwa kwa kunakiliwa kutoka kwa watu wengine, kusudi wakikua watolewe viungo vyao kimoja kimoja, wagonjwa wapate kupona. Na katika nchi ile mtoaji wa viungo akifa, hawasemi amekufa. Wanasema "amekamilika". Neno zuri hilo, nalo lafunika jambo baya kama kitambaa safi kinavyofunika kidonda.

Msiseme kwamba habari ya viungo ni ndoto ya mwandishi. Katika miaka ya 2007 hadi 2009, huko Tanzania na pia mashariki ya Burundi yetu, watu wenye ualbino waliuawa ili viungo vyao viuzwe kwa watu wanaotafuta bahati na utajiri. Mwaka 2009 kesi za mauaji hayo zilisikilizwa Ruyigi. Huko Tanzania watu hao walikuwa wamekwisha kuitwa zeruzeru tangu zamani, na wengine wakaanza kuwaita "dili", yaani biashara ya kuleta fedha. Ukimwita mtoto wa jirani yako dili, umekwisha kumweka sokoni kabla ya panga kunolewa.

Sasa tuje karibu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka huku kusini mwa nchi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Waasi waliwaua Watutsi wengi, na pia Wahutu waliokataa kuwafuata. Kisha serikali ya wakati ule, chini ya Rais Michel Micombero, ikawaua Wahutu katika nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi wa shule za sekondari, vijana wa umri wetu. Makadirio ya waliouawa hutofautiana, na mara nyingi hutajwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000.

Waliochukuliwa waliitwa abamenja, yaani wasaliti. Mwalimu aliyechukuliwa hakuwa tena mwalimu, wala baba wa watoto, wala Mkristo wa parokia fulani. Alikuwa umumenja, basi. Na kwa kuwa msaliti hana matanga, jamaa zake hawakuweza kumlilia hadharani. Hali kadhalika wale waliowaua jirani zao mwezi wa Aprili, nao walikuwa wamekwisha kuwavua majina yao kabla ya kuwavua roho. Jambo hili halina kabila. Kila mwenye panga huanza na ulimi.

HATUA YA PILI: KUMWEKA MTU PASIPOONEKANA

Jina halitoshi, maana jicho likimwona mtu analia, moyo waweza kugeuka. Kwa hiyo anayetupwa hutafutiwa mahali pa kufichwa.

Mwaka 1895 H. G. Wells, Mwingereza, alitoa kitabu The Time Machine. Mtu mmoja anasafiri kwa mashine hata kufika mwaka 802,701. Huko anawakuta Eloi, watu wazuri, wadogo, wasiofanya kazi, wanaoishi juu ya nchi kwa kucheza na kula matunda. Chini ya ardhi wako Morlock, wanaoendesha mitambo gizani. Msafiri anakisia kwamba zamani hao walikuwa taifa moja: matajiri walibaki juani, na wafanyakazi wakasukumwa chini zaidi na zaidi, hata wakasahauliana. Lakini hadithi haiishii hapo. Usiku Morlock hupanda juu, nao huwala Eloi. Waliofichwa gizani wamekuwa walaji wa waliowaficha.

Mwaka 1973 Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, alitoa hadithi fupi juu ya mji wa Omelas. Mji huo una raha kamili: sikukuu, muziki, afya na mavuno. Lakini katika chumba kimoja chini ya nyumba amefungiwa mtoto mmoja, mchafu, mwenye njaa, asiyesemeshwa na mtu. Raha ya mji wote imefungamanishwa na taabu ya mtoto huyo. Vijana wa mji wakifikia umri wa kuelewa huambiwa habari zake, na wengi huenda kumtazama. Huona uchungu, kisha hurudi nyumbani na kuzoea. Wachache hawazoei. Hao huondoka mjini peke yao, wasirudi tena.

Nilipoisoma hadithi hiyo nilimkumbuka mtoto mwingine, na huyo si wa kubuniwa. Wazee wa misheni hutufundisha kwamba mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika Rumonge wakajaribu kuanzisha kituo. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea ziwani. Ujiji, upande wa kusini, ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu pia, na mtu alipimwa kwa nguo na ushanga. Mapadri walikuwa wakiwakomboa watoto na kuwalea. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa hapa Rumonge. Historia ya misheni yasimulia kwamba ugomvi ulianza kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekombolewa. Watu walimdai arudishwe, na mapadri wakakataa kumtoa.

Katika somo hilo tumekariri majina matatu ya waliouawa, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini mtoto katika masimulizi yale hana jina. Ugomvi wote ulikuwa juu yake, naye amebaki "mtoto aliyekombolewa" tu. Mimi nilisoma habari hiyo mara nyingi pasipo kuona pengo hilo, mpaka mwandishi wa nchi ya mbali aliponionyesha mtoto wa Omelas chini ya nyumba. Hiyo ndiyo faida moja ya hadithi za sayansi. Zinakupeleka mbali, na ukirudi unaona kilichokuwa mlangoni pako.

HATUA YA TATU: KUSEMA "HESABU IMEKATAA"

Hatua hii ndiyo ya hatari kupita zote, kwa sababu watu wema pia huipita, tena kwa machozi.

Mwaka 1954 Tom Godwin, Mmarekani, alichapisha hadithi iitwayo The Cold Equations. Rubani anapeleka dawa kwa wagonjwa katika sayari ya mbali kwa chombo kidogo. Mafuta ya chombo yamepimwa sawasawa, hayazidi hata kidogo. Njiani anagundua kwamba binti mmoja amejificha ndani ili akamwone kaka yake. Uzito wake ukibaki, chombo kitaanguka, na rubani, binti na wagonjwa wote watakufa. Rubani si mtu mbaya, naye anahuzunika sana. Lakini hesabu ni hesabu. Mwishoni binti anatolewa nje, katika anga tupu, naye anakufa.

Wasomaji wengi wameilia hadithi hiyo. Inasimuliwa kwamba mwandishi mwenyewe alitafuta mara kadhaa njia za kumwokoa yule binti, na mhariri wa gazeti akamrudishia hadithi mpaka binti afe. Hapo ndipo akili inapotakiwa. Kama mwandishi aliweza kumwokoa, na mhariri akakataa, basi binti hakuuawa na hesabu. Aliuawa na watu wawili mezani. Na hata ndani ya hadithi yafaa tuulize: Ni nani aliyejenga chombo kisicho na akiba ya mafuta? Ni nani aliyeacha mlango bila mlinzi, na kuweka tangazo tu? Je, hapakuwa na kiti, sanduku au chombo kingine cha kutupwa kabla yake? Hesabu haikosei, ni kweli. Lakini hesabu hujibu lile tu inaloulizwa. Ukiiuliza "Nani atupwe?" itakujibu jina la mtu.

Mtoto wa mvuvi hakuwa amesoma hadithi ya Godwin. Lakini aliijibu.

SHAMBA LA MICHIKICHI

Hapa sina budi kusema habari ya kwetu, maana somo lisilomgusa mwenye kuliandika ni kelele tu.

Baada ya mwaka 1972 watu wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania. Wengi walikaa katika makazi ya Katumba na Ulyankulu, na baadaye Mishamo. Mashamba yao ya michikichi hayakubaki matupu. Wengine waligawiwa na serikali, wengine waliyanunua, wengine waliyatwaa tu. Kisha ukaja Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na miaka iliyofuata wakimbizi wakarudi kwa wingi. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kusuluhisha mashauri. Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa na mashauri mengi sana, kwa kuwa ardhi yetu ni nzuri, na mawese ni fedha.

Mimi ni mtoto wa nyumba iliyojengwa juu ya shamba la namna hiyo. Babu yangu alilinunua kwa mtu aliyepewa, na baba yangu akaongeza miche kwa mikono yake. Nilipokuwa na umri wa miaka saba alikuja mzee mmoja na mkewe na wajukuu watatu. Alisimama chini ya mchikichi wa zamani kuliko yote, akaonyesha kwa fimbo mahali alipozikwa mama yake. Alisema Kirundi chetu, ila kilichanganyika na Kiswahili cha Tanzania.

Sisi watoto tuliwaita "Watanzania", ingawa mzee yule alizaliwa mahali pale kabla ya baba yangu. Wajukuu wake walipokuja kuchota maji tuliwafukuza. Na nyumbani nilisikia maneno matatu yakirudiwa kila jioni: "Hawa si watu wa hapa." "Wakae kambini." "Nafasi haitoshi." Leo nikiyapanga maneno hayo naona ndizo hatua tatu za somo hili: jina, mahali, hesabu. Nilizijua zote kabla sijamaliza kitabu hata kimoja. Na siku ile ya mjadala, niliposema mgeni atupwe kwanza, sikuwa nimetumia akili. Nilikuwa ninakariri maneno ya nyumbani.

Shauri lile lilikwisha kwa kugawana. Mpaka ulichimbwa mfereji mdogo kati ya mashina, sehemu moja yetu, sehemu nyingine yao. Sisemi kwamba kila shauri lilistahili kumalizwa hivyo, kwa maana mzee yule angeweza kusema kwamba nusu ya urithi wake ni dhuluma kwake, wala nisingekuwa na jibu. Tena sisemi ya kuwa hatukuumia. Mawese yalipungua, na kuanzia hapo karo yangu ililipwa kwa shida. Mara mbili nilirudishwa nyumbani kuitafuta. Lakini hapana aliyekufa kwa njaa, upande huu wala upande ule. Hesabu iliyokuwa imekataa ilikubali. Hatukutupa mtu. Tulitupa nusu ya mawese.

Tena tusisahau mtumbwi mwingine mkubwa uliopata nafasi. Tanzania, nchi isiyo tajiri, iliamua kuwapa uraia wale wa mwaka 1972 waliotaka kubaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya 160,000 wamekubaliwa, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014.

JIBU KWA MWENYE SHAKA

Najua kwamba msomaji mwerevu ataniuliza, "Je, hakuna siku ambayo nafasi haitoshi kweli? Mganga mwenye dozi tano na wagonjwa sita afanye nini?" Swali hili ni la haki. Siku kama hizo zipo, nazo ni msiba. Lakini twaweza kutenganisha msiba na desturi mbaya kwa kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, mzigo umekwisha kutupwa wote, au bado kuna mtu aliyekalia gunia lake? Pili, je, wanaoamua wamejihesabu na wao wenyewe miongoni mwa wanaoweza kukosa, au wao daima wako salama? Tatu, je, ni watu wale wale kila mara wanaoangukia mkiani mwa orodha? Mgonjwa akikosa dawa leo kwa bahati mbaya, huo ni msiba. Lakini ikiwa kila mwaka wanaokosa ni Watwa, au wageni, au wajane, basi huo si upungufu wa dawa. Ni jamii iliyokwisha kuamua zamani.

WALE NI SISI

Nisije nikaonekana kama nasifu vitabu vya Wazungu tu, namaliza kwa kitabu cha Kiswahili. Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya na mwalimu wa elimu ya jamii, aliyewekwa kizuizini bila kuhukumiwa katika miaka ya 1980, alitoa riwaya Walenisi mwaka 1995. Humo mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kufa, naye anatiwa katika chombo cha kwenda angani ili apotelee huko. Watawala wa nchi yake wamemtupa kama takataka. Lakini hafi. Anafika nchi nyingine, ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na jina la nchi hiyo ni Walenisi. Litamkeni polepole, mtasikia maana yake: wale ni sisi.

Nadhani maneno hayo matatu ndiyo dawa ya hatua zote tatu. Anayesema wale ni sisi hawezi kumpa mwenziwe jina la mnyama, wala kumfungia gizani, wala kumtoa katika hesabu.

Wazee wetu walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu." Wells aliufanyia kazi ukweli huo katika kitabu chake cha mwaka 1898, The War of the Worlds. Aliwaleta watu wa sayari ya Mars waiangamize Uingereza, na katika sura ya kwanza aliwakumbusha wasomaji wake wasiwahukumu upesi watu wa Mars, bali wafikiri kwanza jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Aliugeuza mkuki ili aliyeushika auone ncha yake. Hadithi nzuri ya sayansi hufanya hivyo. Inakuweka wewe mahali pa nguruwe kwa muda wa saa mbili, kisha inakurudisha ukiwa mtu mwingine kidogo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika bweni letu au mtaani kwetu, ni watu gani tunaowaita kwa jina la kubandikwa badala ya jina lao? Jina hilo linaturuhusu kuwatendea nini?

2. Mtu akikuambia "nafasi haitoshi", ni mizigo gani ungetaka kuiona kwanza kabla ya kukubali?

3. Wale waliotoka Omelas waliondoka peke yao, lakini mtoto alibaki. Je, walifanya vema, au ilifaa wakae na kuvunja mlango? Mimi nachagua mlango, lakini napenda kusikia wenzangu.

Nanyi kaka zetu wa zamani, ninyi mliokuwako miaka ambayo sisi twaisoma tu, kama mnawajua watu waliotupwa ambao majina yao hayajaandikwa popote, waandikieni wadogo zenu majina hayo. Kurasa zipo. Na yule mvulana wa mvuvi, ambaye tulimcheka siku ile, namwomba radhi hapa mbele ya wote. Yeye ndiye aliyefundisha somo hili; mimi nimeliandika tu.